Mwembe wangu ulioshika vumbi

Mwembe wangu wa kwanza wa kuchora kwa nukta za rangi niliupiga wiki tatu, usiku usiku, chumbani kwangu Sinza. Ukiusogelea ulikuwa mtamu: chungwa pembeni ya bluu, nyekundu pembeni ya kijani. Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni kunidai hela ya umeme, akautazama, akasema, "Mwanangu, mbona mwembe wako una vumbi? Uko njia ya magari?"

Nikaenda kusimama pale aliposimama yeye. Kweli bwana. Kijivu kitupu.

Nilikuwa nimesoma kwamba rangi zinazopingana zikikaa jirani hung'arishana. Hung'arishana, ndiyo, lakini pale jicho linapoweza bado kuziona moja moja. Nukta zikiwa ndogo mno kwa umbali wa mtazamaji, jicho linazikoroga, na chungwa ikikorogwa na bluu kwa kiasi kilekile unapata majivu.

Kwa hiyo kabla hujafungua rangi, amua picha itatazamwa kutoka wapi. Georges Seurat, Mfaransa aliyeuanzisha mtindo huu, picha yake kubwa ya watu wakipumzika kisiwani La Grande Jatte (1884 hadi 1886, sasa iko Chicago) ina kimo cha mita mbili na upana wa mita tatu. Wewe una kipande cha silingibodi cha futi mbili na sebule ya hatua nne. Usiige nukta zake, pima za kwako. Mimi hupiga nukta kwenye kipande cha boksi, nakibandika ukutani, narudi nyuma mpaka mlangoni. Nisipoona hata nukta moja, naongeza ukubwa.

Majani sasa. Watu hudhani njano na bluu zikipangwa jirani zitazaa kijani kibichi. Zinazaa kijani kilichochoka. Seurat mwenyewe alitumia rangi ya kijani, nawe itumie, ila isikae peke yake: juani ichanganye na nukta za njano na kijani cha ndimu, kivulini na za bluu na zambarau. Chungwa au nyekundu iwe chache tu, kama chumvi. Kwenye mwembe wangu wa pili nilitia moja kwa kila kijani kumi hivi, na vumbi likaondoka. Na acha matundu ya mbingu katikati ya majani. Mwembe usio na matundu ni jiwe la kijani.

Kivuli usikipige nyeusi. Nenda saa nne asubuhi chini ya mti wowote wenye mchanga mweupe, Msasani au Kigamboni, ukodoe macho: kivuli kina bluu ndani yake, kwa sababu kinapokea mwanga wa mbingu. Na yale mabaka ya jua yanayopenya kwenye majani ni ya njano hafifu, mara nyingi ya mviringo. Nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Vifaa havina makuu. Vijiti vya pamba vya masikio, ncha ya penseli, brashi moja ndogo. Rangi za akriliki zinakaukia kwenye sahani upesi kwa joto letu, na feni ndiyo inamaliza kabisa, kwa hiyo nazima feni na kutoka jasho. Weka sponji yenye maji chini ya karatasi unayochanganyia.

Waliojifunzia uchoraji wa tingatinga, kama mimi, wana ugonjwa wao. Kule nukta ni pambo, unazipiga mwishoni juu ya mnyama aliyekwisha kamilika. Huku hakuna mti chini ya nukta. Nilipata shida sana kuacha kuchora mstari wa shina kwanza.

Kama ndiyo unaanza, achana na mwembe. Subiri Desemba, upige mkrismasi, ule mti wa maua mekundu. Wekundu wake umekaa mafungumafungu juu ya kijani, haukorogeki kirahisi ukawa majivu, na maua yaliyodondoka chini yameshajipanga nukta nukta yenyewe. Anzia hapo chini.