Tunalipa elfu mbili ya ulinzi kila mwezi, tutajuaje inasaidia?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni katibu wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu huku Mbagala. Vijana kumi wanazunguka usiku na rungu na filimbi, kila nyumba inatoa elfu mbili. Mwenyekiti kasema mkutanoni wizi umeisha, eti kituoni kesi zimepungua, watu wakapiga makofi. Ila dada yangu kakabwa juzi saa kumi na moja alfajiri akiwahi daladala, simu ikaenda, hajaripoti popote. Tutapimaje ukweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, mpe pole dada. Yeye hayumo kwenye hesabu ya mwenyekiti, tatizo ndo hilo. Kituo kinahesabu waliochukua RB tu, na wangapi wanaibiwa simu alafu wanaona kwenda kituoni ni kuongeza hasara ya nauli? Tena ulinzi ukiwa mzuri kesi zinaweza hata kupanda, maana watu wamepata imani wanaripoti.

Chukua kaunta buku upite nyumba kwa nyumba, uliza miezi mitatu hii nani kaibiwa au kakabwa, wapi, saa ngapi, karipoti au hakuripoti. Alafu, na hapa ndo wengi wanaparuka, kaulize hivyo hivyo mtaa wa jirani usio na lindo. Kama na kwao wizi umeshuka sawa na kwenu basi sio rungu zenu, labda polisi walifanya msako. Kama kwao umepanda, huenda vibaka wenu wamehamia kwao. Na kama lindo linavunjwa saa kumi wakati watu wanakabwa saa kumi na moja, badilisheni zamu wiki hii hii.

Makofi nayo usiyategemee. Kule Massachusetts, Marekani, kuanzia 1939 walichukua wavulana 506 wakawapanga wawili wawili wanaofanana, wakarusha sarafu nani apate mshauri wa kumlea asiingie kwenye uhalifu na nani aachwe. Miaka 30 baadae waliosaidiwa walitafutwa, wengi wakasema tulisaidika sana. Kumbukumbu za mahakama na hospitali zikaonyesha hawakuwashinda wale walioachwa, na kwa mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi! Bila lile kundi la pili nani angejua?

Na daftarini acha ukurasa mmoja wa waliopigwa na vijana wenu. Kijana aliyekula rungu kwa kudhaniwa kibaka kumbe anatoka shifti ya usiku, naye kaumizwa mtaani kwenu, mwandike.