Mhandisi na Somo la Biolojia: Barua kwa Mwanangu

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unasema umekwenda Marekani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, kusomea uhandisi wa ujenzi, na kabla hujagusa zege unadaiwa kemia, biolojia na masomo manane ya fasihi, sanaa na sayansi za jamii; unauliza yana faida gani kwako, na kama unaweza kuyaahirisha mpaka mwaka wa mwisho. Mimi mamako, niliyefanya kazi ya uhandisi kando ya bahari hii, nakusihi usiyaahirishe.

Hapa kwetu kijana akipangiwa uhandisi huingia katika fani yake tangu siku ya kwanza na kukaa humo miaka mitano. Huko uliko shahada ni ya miaka minne, na mwanafunzi huchagua fani mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ndiyo maana chuo kimeweka msingi ambao haurukwi na yeyote, awe anaelekea kwenye uhandisi, uchumi au historia: kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) masomo mawili, fizikia mawili, kemia moja, biolojia moja, kisha mawili mengine ya sayansi na moja la maabara. Kalkulasi na fizikia hukuyalalamikia, nami siyagusi.

Kemia nitakueleza kwa nguzo ya zege iliyosimama baharini. Itazame pale inapolowa maji yakijaa na kukauka yakipwa, kwa maana hapo ndipo inapoumia zaidi kuliko chini inakozama daima. Kloridi iliyo katika chumvi hupenya polepole kwenye vitundu vya zege mpaka ifike kwenye nondo, ikavunja utando mwembamba unaoikinga, na nondo ikaanza kushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani. Utaona kwanza mstari wa rangi ya kahawia, kisha ufa unaofuata urefu wa nondo, na ukigonga kwa nyundo utasikia mlio wa kitu kilicho wazi ndani, hata kama uso wake bado unaonekana mzima. Hesabu ya mizigo itakuambia kwamba nguzo inaweza kubeba, lakini ni kemia itakayokuambia itaendelea kubeba kwa muda gani.

Biolojia nayo utakutana nayo mapema kuliko unavyodhani, maana idara yako imeunganisha ujenzi na mazingira. Mtambo wa majitaka husafisha kwa kutumia bakteria wanaokula uchafu wakipata hewa ya kutosha, na asiyewaelewa bakteria hao hawezi kupanga ukubwa wa matangi yao.

Yale masomo manane ya fasihi, sanaa na sayansi za jamii ndiyo yaliyokukera zaidi, na ndiyo ninayoyatetea kwa nguvu zaidi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapa kwetu kwenye kivuko cha Mtongwe, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na watu 272 wakafa. Fizikia itakueleza vizuri namna chombo kinavyopoteza uthabiti uzito ukizidi na watu wakisogea upande mmoja. Haitakueleza kwa nini mtu anayewahi kibarua hupanda chombo ambacho kwa macho yake anaona kimejaa, wala ni nani mwenye wajibu na mamlaka ya kufunga lango, wala kwa nini watu wa ng'ambo fulani hawakuwa na njia nyingine ya kufika kazini. Maswali hayo ni ya uchumi, historia na siasa, na mhandisi wa vivuko na madaraja asiyeyauliza atachora kitu sahihi kwenye karatasi kisha kikaua watu.

Tena mawili kati ya manane hayo, pamoja na mengine mawili ndani ya fani yako, lazima yawe ya kuandika na kuzungumza kwa wingi. Uyashike hayo, kwani ripoti ya ufa isiyoeleweka na anayetoa fedha za matengenezo haimkingi mtu yeyote.

Na ule mtihani wa kuogelea ambao chuo chenu pia kinaudai, yadi 100, yaani kama mita 91, ufanye mapema uumalize.

Sasa mpango wenyewe. Muhula wa kwanza ukifaulu huandikwa tu kwamba umefaulu, na ukianguka somo halionekani kwenye rekodi yako ya nje, kwa hiyo kemia inayokutisha ichukue sasa. Biolojia iwe imekwisha kabla ya masomo ya mazingira ya mwaka wa tatu. Yale manane yagawe moja kwa kila muhula, na kwa kuwa matatu au manne kati yake hutakiwa yawe ya uwanja mmoja, mimi ningependa uchague uchumi au historia ya miji, ingawa uamuzi ni wako. Niandikie orodha yako kabla ya kuonana na mshauri wako wa masomo, tuitazame pamoja.

Wasalaam,
Mamako