Waya wa chini ya kitanda

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na kitenge cha mama yako pia. Ameshakipeleka kwa mshonaji.

Unaniuliza kuhusu rafiki yako wa Katuba. OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) na watu wake waliingia kwake usiku wa manane, bila karatasi ya mtu yeyote, wakatoa waya wa shaba chini ya kitanda. Amekuambia mwenyewe kwamba ni wa wizi. Sasa avoka wake (wakili) anataka waya huo uondolewe kwenye kesi, nawe umekasirika: wizi ni wizi, njia ya kuukuta inahusu nini?

Hasira hiyo hata majaji wamekuwa nayo. Uingereza, mwaka 1861, mmoja alisema hata ukiiba ushahidi, mahakama itaupokea. Kisha mtazame Kuruma mwana wa Kaniu, wa Kenya (nchi, si Kenya yetu, mtaa wa hapa Lubumbashi). Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 alikuwa anapita na baiskeli, akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kupekuliwa na askari wa cheo cha chini kuliko kilichotakiwa na sheria. Wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Akahukumiwa kifo. Rufaa ikafika London, na Desemba 1954 ikakataliwa: ushahidi ukiwa unahusu kesi, unapokelewa, hata kama upekuzi ulikosewa. Lakini kile kisu hakikuletwa mahakamani, na watu wengine waliokuwepo hawakuitwa kusema walichoona.

Hicho ndicho kinachonikera mimi. Wewe unajua waya ulikuwepo kwa sababu rafiki yako amekuambia. Hakimu atajuaje? Ana neno la mtu aliyevunja mlango, basi. Sheria yetu ya Kongo inakataza kuanza upekuzi kabla ya saa kumi na moja alfajiri au baada ya saa tatu usiku bila ruhusa ya jaji, na kifungu cha 29 cha Katiba kinalinda nyumba ya kila mtu, hata ya mwizi. Anayeruka hayo yote, kwa nini nimwamini kwamba hakuja na waya wake?

Ushahidi wa kukiri mbele ya polisi ndio mbaya zaidi. Nilipokuwa karani wa mahakama nilizishika PV nyingi (hati rasmi zinazoandikwa na polisi): Kifaransa cha chuo kikuu, sentensi ndefu zenye koma mahali pake, na chini kabisa dole gumba la mtu asiyejua ila Kiswahili. Hapo sina mjadala. Mkataba dhidi ya mateso, ambao Kongo imeuridhia, unakataza maneno yaliyotolewa kwa mateso yasitumike dhidi ya aliyeteswa, na tangu Julai 2011 mateso yenyewe ni kosa la jinai kwetu.

Kuhusu waya, usimpe mama wa rafiki yako matumaini ya bure. Hakimu wetu hupima ushahidi kwa dhamiri yake, anaweza kuupokea. Kenya leo wana kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010, kinachotaka ushahidi uliovunja haki uondolewe kama utaifanya kesi isiwe ya haki. Mimi ningeuondoa huu.

Mwambie mama yake aandike saa waliyogonga na jirani gani alitoka nje. Na avoka adai aonyeshwe PV ya upekuzi: ina saa gani, na nani aliitia sahihi? Kijana asikubali kuulizwa tena bila avoka kando yake; kifungu cha 19 cha Katiba yetu kinampa haki hiyo hata akiwa bado mikononi mwa polisi.

Baba yako