Kabla Hujabandika Habari za Shule Ukutani, Uliza Nani Alifanya Kazi

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, katika kaunti ya Makueni hapa Kenya. Amekabidhiwa jukumu la kuandika habari za shule, yaani shughuli za wanafunzi, mashindano yao na ufanisi wao, na anauliza afanye nini ili habari hizo zisomwe na wanafunzi pamoja na wazazi badala ya kupaukia ukutani. Nilimwahidi kwamba nitamjibu hapa, kwa kuwa najua walimu wengi wamekabidhiwa jukumu hilo hilo, na kwa kuwa jibu langu lina kisa ambacho sijawahi kukiandika.

Nilianza kazi hii mwaka 2023. Januari ya mwaka huo ndipo Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza masomo, na sekondari msingi ikawekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi. Shuleni kwetu, katika kaunti ya Kilifi, tulikuwa walimu wachache mno, kila mmoja akishika masomo ambayo hakusomea, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niliambiwa kwamba habari za shule ni zangu. Sikupewa fungu lolote la fedha. Nilinunua karatasi za manila na kalamu za wino mzito kwa pesa zangu mwenyewe, nikachagua ukuta ulio karibu na mfereji wa maji, mahali ambapo kila mtoto hupita kabla ya kengele ya saa nne, na Jumatatu moja ya muhula wa kwanza nikabandika toleo la kwanza.

Toleo hilo lilijaa alama. Walimu wa rika langu tulikulia katika mfumo wa 8-4-4, yaani miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka huo huo wa 2023, na kila matokeo yalipotangazwa tuliona magazetini picha za watahiniwa bora wakiwa wamebebwa mabegani na wazazi na walimu wao. Habari ya shule, kwa jinsi tulivyoizoea, ilikuwa ni nani wa kwanza na nani wa pili. Niliandika wanafunzi 10 bora wa kila somo, nikazungushia majina yao mapambo ya rangi, na baada ya wiki tatu nikagundua kwamba wanaosimama kusoma ni wale wale 10, na kwamba wengine hunywa maji yao na kuondoka bila hata kuinua macho. Hapo nikahamia kwenye shughuli: michezo, vilabu, usafi wa mazingira, safari. Nilidhani nimelipata jibu, na kwa muda mrefu sikuwa na sababu ya kudhani vinginevyo, kwa maana watoto walianza kusukumana mbele ya ukuta ule.

Mwaka 2024 kikundi chetu cha wimbo wa kiasili kilishiriki Tamasha la Muziki la Kenya, tamasha ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927 na ambalo kwa shule ndogo kama yetu ni safari ya kupanda ngazi moja baada ya nyingine, kutoka eneo hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Tuliimba wimbo wa Wagiriama. Hatukuwa na ala za kutosha, na mvulana mmoja wa Gredi ya 8, mkimya, ambaye hakuwa miongoni mwa waimbaji, alijitolea kutengeneza makayamba. Aliyatafuta matete mwenyewe, akayakausha, akayapanga kwa safu mbili, akatia mbegu za mturituri katikati, akayafunga kwa kamba aliyoisokota kwa mkono, na baada ya takriban wiki mbili akaleta makayamba matatu ambayo mlio wake ulikuwa kama mvua inayopiga makuti. Alikuja mazoezini kila jioni kuyarekebisha. Yalipolegea alikaza kamba, na mbegu zilipopungua aliongeza. Kikundi kilifika ngazi ya kaunti, jambo ambalo shule yetu haikuwa imewahi kulifikia, na waamuzi walisifu ala zetu mbele ya ukumbi mzima.

Niliandika habari ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimtaja mwalimu mkuu, mwalimu aliyefundisha kikundi, mwimbaji kiongozi, wacheza ngoma, dereva aliyetusafirisha na mzazi aliyetoa maandazi. Niliandika kwamba ala zilisifiwa. Sikuandika ni nani aliyezitengeneza. Kwenye picha hakuwepo, kwa kuwa siku ya safari gari lilijaa na waimbaji ndio waliopewa nafasi, nami niliandika habari yangu nikiwa nimeitazama picha ile.

Siku mbili baadaye bibi yake alikuja shuleni. Mvulana yule analelewa naye, na humwita hawe kama Wagiriama wamwitavyo bibi. Alikuwa amevaa kanga safi, na alisimama mbele ya ukuta kwa utulivu kama mtu aliyealikwa. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikujaaliwa kusoma. Nisomee."

Nilimsomea. Nilisoma kwa sauti na kwa fahari, kwa maana nilikuwa nikiyapenda maandishi yangu, naye alikuwa ameinamisha kichwa kidogo akisikiliza kila jina kama mtu anayesubiri lake lifikiwe. Nilipofika mwisho nilinyamaza. Akasubiri. Kisha akauliza, "Umemaliza?"

Nikamjibu kwamba nimemaliza. Akasema, "Basi ahsante, mwalimu," akajifunga kanga yake vizuri na kuondoka kwenda zake. Sikuelewa papo hapo. Niliuelewa ujio wake jioni, nilipoyaona makayamba matatu yakiwa juu ya kabati katika ofisi ya walimu.

Toleo lililofuata nilimtaja mvulana yule katika aya nzima, nikaeleza namna alivyoyatengeneza, na nikaomba radhi hadharani wakati wa gwaride. Alikubali radhi yangu kwa adabu. Hata hivyo, hakuja tena mazoezini, na mwaka 2025, alipokuwa Gredi ya 9, kikundi chetu kiliimba kwa makayamba ya kuazima. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na sijapata kosa lililonigharimu mtoto kwa wepisi kama ule.

Nataka niseme pia jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2024, katika siku ya kutoa zawadi, mgeni wa heshima alilisifu sana gazeti letu la ukutani, na hotuba ya shukrani iliyosomwa baada yake ikaupongeza uongozi na idara ya lugha. Jina langu halikutajwa. Karatasi, wino, na jioni nilizokaa shuleni mpaka giza likaingia vilipita kana kwamba gazeti lile lilijiandika lenyewe. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, na mtu niliyemfikiria ni yule bibi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu wa Makueni, ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujaandika neno moja, uliza ni nani alifanya kazi. Usiulize ni nani alishinda, kwa kuwa mshindi utamjua bila kuuliza. Uliza ni nani aliyeshona sare, ni nani aliyechora mistari ya uwanja, ni nani aliyebaki kufagia ukumbi. Waulize watoto wenyewe, kwa maana wao huona yale ambayo sisi walimu hatuyaoni, na uwaulize zaidi ya mmoja. Kisha andika majina.

Andika pia kazi yenyewe. Klabu ya 4-K ni mfano mzuri. Klabu hizi zilianzishwa mwaka 1962 kwa kaulimbiu ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zikafifia, kisha zikafufuliwa mwaka 2021, na shule nyingi za sekondari msingi sasa zina vitalu vya mboga. Ukiandika kwamba klabu ya 4-K imefanya vizuri, hujaandika chochote. Sisi muhula uliopita tuliandika kwamba wanafunzi 11 wa Gredi ya 7 walivuna mafungu 46 ya mchicha kutoka vitalu 3, ambavyo walivimwagilia kwa zamu kwa wiki 6, maji yakichotwa kisimani kwa madumu, na tukawataja wote 11 kwa mpangilio wa zamu zao. Wazazi walikuja kuisoma habari hiyo, na mmoja aliomba nakala aipeleke nyumbani.

Kuhusu picha, jihadhari sana. Niliwahi kutuma picha ya timu yetu ya kandanda ya wasichana katika kundi la WhatsApp la wazazi, na baada ya siku mbili ikaonekana katika Facebook, imewekwa na mtu nisiyemjua. Mama wa mchezaji mmoja alikuja akiwa na hofu, kwa kuwa alikuwa na sababu nzito za kutotaka ijulikane mtoto wake anasoma wapi. Alikuwa na haki, na sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Sisi sasa huomba idhini kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, na majina pia tumeyaweka katika fomu hiyo. Mzazi anayekataa haulizwi sababu.

Utasukumwa kurudi kwenye alama, na usikubali. Matokeo ya kwanza kabisa ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, ya mwaka 2025 yalipotoka, baadhi ya wazazi walinitaka nibandike orodha ya kila mtoto na kiwango chake. Nilikataa, na walinikasirikia. Matokeo hayo ni ya mtoto na mlezi wake, na hata kwa hesabu yenyewe mtihani wa Gredi ya 9 ni asilimia 60 tu ya alama ya mwisho, huku asilimia 20 ikitoka katika KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, na 20 nyingine katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Miaka mitatu ya mtoto haiingii katika mstari mmoja wa orodha. Badala yake niliandika yale ambayo kundi lile la kwanza lilituachia: miti waliyoipanda, ngonjera walizozitunga, na makayamba matatu yaliyo juu ya kabati, pamoja na jina la aliyeyatengeneza.

Mwisho, usibandike kitu ambacho hujakisoma kwa sauti mbele ya mtu. Mimi humtafuta mpishi wa shule au mama anayeuza mihogo langoni, nikamsomea, na nikifika mwisho nanyamaza kidogo nione kama kuna jina analolisubiri. Toleo lako la kwanza likiwa tayari, nipigie simu jioni yoyote baada ya saa moja, unisomee.