Teze juu ya Batwa na parki: niendelee ao niache?

Swali: Jambo Yaya. Mi ni asista wa chuo kikuu hapa Bukavu, nimepata nafasi ya doktora Ubelgiji, na promota, profesa atakayenisimamia, anataka nifanye teze juu ya namna wenyeji wa msitu wanasimamia maeneo ya kulindwa, mufano Batwa na Parki ya Kahuzi-Biega. Nilifurahi sana. Sasa nikapanda Kabare, kandokando ya parki, kusalimia tu, mzee mmoja Mutwa akaniambia mbele ya watu: "Munakuyaka, munauliza, munaandika, munapata diplome, siye tunabakia hapa." Mjomba naye anasema niachane na mambo ya msitu, nisome biashara ya dhahabu, njo kuko mafranga. Nifanye nini? Na watu nitakaowahoji, niwalipe ao hapana?
*Asista wa Nguba*

Jibu: Mdogo yangu, mjomba umuache kwanza, dhahabu nayo ina watafiti wa kutosha. Wa kumjibu ni huyo mzee.

Ana haki ya kuchoka. Parki ilianzishwa 1970 na kilomita mraba 600 hivi, 1975 ikapanuliwa mpaka karibu 6.000, na Batwa waliokuwa wanaishi mule wakatolewa, wakabaki kandokando bila mashamba. 1980 UNESCO ikaiandika kwenye urithi wa dunia, 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, lakini hati ya ardhi kwa Mutwa haikuja. Watalii walimjua gorila Chimanuka kwa jina, pisteri Mutwa, mfuata nyayo aliyewaongoza mpaka kwake, wengine hata jina hawakumuuliza.

Kwa hiyo usiende tena kuuliza kama Batwa wanajua msitu. Wanajua, asali, dawa, njia za nyama, ndiyo maana parki yenyewe inawatumia kama pisteri. We uliza nani anakata maneno. Nani anasema hapa watu wachume, hapa wasiingie, na mzee Mutwa akisema hivyo, kuna mukubwa wa parki anayetii? Ukibakia kwenye kujua bila kufika kwenye kuamua, utarudi na kitabu cha majina ya miti, kizuri lakini hakibadilishi kitu Kabare.

Angalia pia kwa wengine. Australia, Waanangu, wenyeji wa kule, walirudishiwa ardhi ya Uluru 1985, wao wakaipangisha kwa Serikali miaka 99 ibaki parki, na kwenye baraza linaloisimamia wao ndio wengi. Kanada, kule kwenye parki ya Gwaii Haanas, wenyeji Wahaida na Serikali wana viti sawasawa, mapatano ni ya 1993. Lakini usibebe hayo mpaka Kabare kama dawa, ju Waanangu wanazungumza wakiwa na hati mukononi, Batwa wetu hawana. Kwetu karatasi za kuanzia ziko: sheria ya 15/7/2022 juu ya haki za wenyeji Wapigme, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kesi ilipelekwa 2015, uamuzi ukatangazwa 2024, Tume ikaona haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zimevunjwa, ikaiambia Kongo iwarudishie ardhi na kuwalipa. Sasa kutoka kwenye karatasi ile mpaka kwa chefu wa kijiji kumefika nini? Mi ningeweka teze hapo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaficha ju ya huruma. Oktoba 2018 Batwa kadhaa walirudi ndani ya parki bila kungoja ruhusa, miti mingi ikakatwa, makala ya kupikia ikauzwa, na kwenye biashara ile walikuwemo watu wasiokuwa Batwa, wengine na bunduki. Andika. Andika pia damu iliyomwagika, ya Batwa na ya walinzi. Mutwa ni mtu, ana njaa, ana madeni, ukimchora kama malaika wa mazingira basi picha moja tu ya satelaiti itakuangushia teze yote siku ya kuitetea.

Malipo: jibu usilinunue, lakini siku ya mtu ni siku yake ya kutafuta chakula, hiyo lipa, na guidi na mkalimani wa lugha ya Mashi walipe bei mliyopatana mbele. Weka kwenye bajeti tangu mwanzo promota asije akashangaa. Na mpango wa utafiti, kabla haujaenda inive (chuo kikuu), usome kwanza kijijini kwa Swahili, wamama wakae peke yao wasikilize nao, swali wakilikataa litoe.

Usalama, unaujua kama mimi. Njia zikifungika usilazimishe, geukia msitu wa Itombwe, huku huku Kivu ya Kusini, kwa upande utakaofikika. Ile rezerve ilitangazwa 2006 wenyeji wakiwa hawajaulizwa, wakalalamika, baadaye mipaka ikachorwa upya pamoja nao, ikapitishwa 2016. Kwa swali lako la nani anaamua, mi naona Itombwe ni tamu kuliko hata Kahuzi-Biega. Promota akikataa kubadilisha, mwulize kwa heshima atakuja lini kulala Mwenga, upande wa Itombwe.