Titi moja limekaa juu kuliko jingine

SWALI: Wiki 5 baada ya upasuaji wa kuongeza matiti, titi langu la kushoto limekaa juu kuliko la kulia, tena ni gumu kidogo. Je, daktari alikosea?

JIBU: Dada, ni mapema mno kutoa hukumu. Kipandikizi (kifuko kinachowekwa kifuani ili kukuza titi), hasa kikiwekwa chini ya msuli wa kifua, hukaa juu mwanzoni kwa sababu msuli umekaza na uvimbe haujaisha. Hushuka taratibu kadiri msuli unavyolegea, na mara nyingi umbo halisi huonekana baada ya miezi 3 hadi 6. Matiti hayashuki kwa mwendo mmoja, na hata kabla ya upasuaji ni nadra yalingane kabisa. Zitazame picha zako za awali, ukiwa nazo. Usiyakande mpaka daktari wako akuelekeze, maana si kila kipandikizi hukandwa.

Hata hivyo, titi moja likivimba ghafla, likiwa la moto au likitoa usaha, ama ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ugumu unaozidi miezi inavyopita, ukiambatana na maumivu, huenda ukatokana na utando wa kovu unaokibana kipandikizi, na wakati mwingine hulazimu upasuaji mwingine.