Barua kwa mwanangu: Picha zangu anazo

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku nikairudia tena asubuhi. Umeuliza kuhusu yule Harry Roque wa Ufilipino, wakili wa haki za binadamu aliyekuja kuwa msemaji wa Duterte, aliyekuwa rais wao: alibadilika lini, au alikuwa hivyohivyo tangu zamani ila watu hawakumuona? Na mjomba wako ameshanidokeza kwamba na wewe umeitwa kwenye usaili, kazi ya msemaji, kwa hiyo swali limetoka wapi najua.

Sasa hilo la lini alibadilika mimi naliona dogo. Nikisoma habari zake nawaza watu wengine kabisa, wale waliompa karatasi zao. Unalijua neno langu, umekua nalo humu ndani: mtu mpime kwa waliomkabidhi karatasi zao.

Waangalie basi. Novemba 23, 2009, kule Maguindanao waliuawa watu 58 siku moja, 32 kati yao waandishi na wafanyakazi wa vyombo vya habari, na Roque akasimama na baadhi ya zile familia. Kabla ya hapo kuna wale mabibi, wenyewe wanaitwa Malaya Lolas, zaidi ya 70, wanawake waliofanyiwa unyama na wanajeshi wa Japani wakati wa vita ya pili ya dunia. Walitaka serikali yao iwadai Wajapani radhi na fidia kwa ajili yao, yeye akawafikisha mpaka Mahakama ya Juu, wakashindwa Aprili 2010, na hakwenda kulala. Yeye na wenzake waliipekua ile hukumu mstari kwa mstari wakakuta vipande vimechukuliwa kwenye maandishi ya watu wengine bila kutajwa. Mwanangu, mtu anayeigiza hafanyi kazi hiyo. Kusoma hukumu uliyoshindwa, neno kwa neno, unafanya kwa sababu kuna bibi kizee umemuahidi kitu. Na ni yeye huyo aliyekuwa kati ya watu waliosukuma Ufilipino ijiunge na ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, ikajiunga 2011.

Halafu Oktoba 2017 akateuliwa msemaji wa rais, katikati ya ile vita ya dawa za kulevya, watu wanauawa mitaani kila kukicha. Akasema akiwa karibu atamshauri rais kuhusu haki za binadamu. Mimi namwamini kwamba alilisema kwa moyo, kweli kabisa. Lakini Machi 2018 Duterte akatangaza kujitoa ICC, na aliyesimama mbele ya kamera kuutetea uamuzi huo ni yuleyule.

Ila linaloniuma mimi ni la Jennifer Laude, Mfilipino. Aliuawa Oktoba 2014 pale Olongapo, hukohuko Ufilipino, muuaji askari wa Marekani anaitwa Pemberton, na Roque ndiye alikuwa wakili wa familia. Septemba 2020 mahakama ikaamuru Pemberton aachiwe mapema, Roque akiwa msemaji akalalamika wazi kwamba kifungo chenyewe kimekuwa kifupi mno. Siku chache tu baadaye rais akatoa msamaha kamili, na kazi ya kuwaeleza watu kwamba hiyo ni haki ya rais kikatiba ikamwangukia yeye. Fikiria umekaa nyumbani, wewe ni mama wa marehemu, unaisikia sauti ileile iliyokuwa inakusemea kule mahakamani.

Ninaposema sauti ileile nazungumza kitu nilichokisikia kwa masikio yangu, na nadhani hii sijawahi kukusimulia yote.

Unajua babako alipigwa getini mwaka ule waliodai mishahara, hilo mnalijua wote. Usilolijua ni wakili. Alikuja nyumbani usiku mvua inanyesha, kijana tu, suruali imeloa mpaka magotini, akakataa kiti akakaa chini kwenye mkeka kwa sababu wewe ulikuwa umelala kwenye kochi na hakutaka uamshwe. Babako akavua shati, akapigwa picha mgongo, tano au sita. Unamjua babako, hata mimi mkewe alikuwa haniachii nimuone akiwa na maumivu, lakini yule kijana alimgeuzia mgongo kwenye mwanga wa taa akakaa kimya. Karatasi za hospitali, barua ya kuachishwa kazi, na zile picha zilipokuja kusafishwa, vyote vikaingia kwenye bahasha moja ya kaki. Kijana akaibana kifuani ndani ya koti ili isiloe akaondoka nayo.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, unajua zinavyokwenda. Kama miaka miwili hivi ikapita tukasikia amepata kazi, ndiye msemaji wa ileile ofisi ambayo watu wake walishika virungu. Tukasema labda ndo vizuri, ana mtu ndani sasa, atatukumbuka. Nakumbuka ni mimi niliyesema hivyo, babako alinyamaza.

Asubuhi moja babako anapiga pasi shati la kwenda kutafuta vibarua, redio inaongea, mtangazaji akauliza kuhusu wale waliopigwa getini. Na yule akajibu, kwa upole uleule wa siku ya mvua, kwamba hakuna ushahidi wowote kuwa kuna mfanyakazi aliyeguswa. Babako hakupandisha sauti. Aliiweka pasi pembeni, akasema, "Picha zangu anazo." Akaichukua pasi akamalizia kola. Mpaka anafariki sikumsikia akilitaja tena jina la yule mtu, na mimi nikikumbuka nalia bado, kama sasa hivi.

Kwa hiyo ukiniuliza alibadilika lini, nakujibu kwamba babako hakuhitaji kujua lini.

Lakini ngoja, maana na mimi najibishana mwenyewe hapa. Serikali ni lazima iwe na mtu wa kuisemea, na afadhali awe anayejua sheria na aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa watu kuliko asiyejua lolote. Pengine kuna mambo mule ndani anayazuia na sisi hatuwezi kuyaona, neno kali analipunguza makali kabla halijatoka. Hilo linawezekana. Ila tatizo lake ni kwamba aliyemo ndani ndiye shahidi peke yake wa hayo mazuri yake, na familia ya Laude kilichowafikia wao ni kile kilichosemwa kwenye kipaza sauti. Nageuka tena nasema, je, angekaa nje kesi ya babako ingeshinda? Pengine isingeshinda. Basi nakwama hapohapo kila siku.

Na kuna kitu kingine kinanizuia kumhukumu yule kijana wetu. Baada ya ile redio nilikwenda kwenye ofisi yake ya zamani kuidai bahasha. Dada wa mapokezi akaitafuta karibu saa nzima akaipata, nikaifungua palepale kwenye ngazi. Nyuma ya ile picha ya kwanza kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wake: "Huyu asisahaulike." Nilikaa kwenye ngazi watu wananipita. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia tu, ingekuwa rahisi kwangu.

Roque mwenyewe mambo yalimwendea kombo. Mwaka 2021 serikali ilimpendekeza kwenye Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, chuo alichowahi kufundisha kikapinga hadharani, kura akakosa. Akagombea useneta 2022 akashindwa, baadaye akagongana na bunge mpaka ikatoka amri akamatwe. Machi 2025 Duterte akakamatwa akapelekwa The Hague, kwenye mahakama ileile, na Roque wakati huo alikuwa hukohuko Uholanzi akiomba hifadhi. Nimeona watu wanashangilia. Mimi sikuweza, kwa sababu mwomba hifadhi naye lazima akabidhi karatasi zake kwa mtu, na mtu huyo atazishika au atazitupa.

Unataka niseme nenda au usiende, nakujua. Lilishanifika mdomoni mara mbili tangu nianze kuandika na nimelimeza, maana wewe ni mtu mzima na mimi nina jeraha, jeraha si mshauri wa kuaminika sana. Nikuulize tu, kabati lako la ofisini lina mafaili ya watu wangapi, na wangapi wataijua sauti yako redioni?

Ukija mwisho wa mwezi panda kwenye kiti uishushe ile bahasha, ipo juu ya kabati langu upande wa ukutani. Ile penseli imeanza kufifia, nataka uisome wakati bado inasomeka.

Mama yako